Taa Kipajini

Saa kumi alfajiri, jogoo wa Thankamma hajawika bado,
najifunga taa kipajini kwa ukanda uliolegea,
nashika kisu na ndoo, napanda mteremko.
Miti ya mpira mia mbili na kumi na saba.
Kuriakose aliipanda mwaka tuliooana.
Yeye sasa amelala Pala, kwenye makaburi ya Mtakatifu Yosefu;
mimi nimebaki na miti, na deni la benki ya ushirika.

Mgema wa tembo husifiwa, akalitia maji.
Mgema wa mpira nani amsifu?
Gome halina mdomo.
Unakata mshazari, mwembamba, kina cha ukucha,
maziwa yanatambaa mpaka kwenye kifuu,
nawe umeshahamia mti wa pili.
Ukizidisha kina, kisu kikagusa mfupa wa mti,
kidonda hicho utakitazama miaka saba.

Taa hii ina tabia moja:
haimuliki ninapotaka. Humulika ninapoelekea.
Nikigeuza shingo, usiku mzima unageuka nami.

Na shingo yangu, Bwana, unaijua.
Kule chini kuna jiwe la mpaka.
Ouseph, shemeji yangu, alilisogeza usiku wa mazishi,
sisi tukiwa tunawagawia waombolezaji kahawa na ndizi.
Hatua mbili.
Hatua mbili tu! Mti mmoja na nusu.
Tangu hapo nagema huku namtazama yeye.
Baba yetu uliye mbinguni, jiwe.
Utusamehe makosa yetu, jiwe.
Kwaresima niliacha samaki, nyama, mayai,
hata maziwa kwenye chai.
Jiwe sikuliacha. Nililila asubuhi na jioni,
nikashangaa kwa nini nimeshiba na bado nakonda.

Jumanne niliukata mti wa arobaini mpaka mfupani.
Nilikuwa nakisikiliza kisu chake ng'ambo ya mpaka,
nahesabu mikato isiyo yangu.
Maziwa yaliacha njia, yakamwagika chini hovyo.
Nikaweka kiganja pale, kama kwenye shavu la mtoto mwenye homa.
Malaika hakushuka. Mbu waliendelea na kazi yao.
Nilisema tu: Mti huu.
Si miti yote, si haki yangu yote, si miaka ijayo na riba yake.
Bwana, huu. Ulio mbele ya taa.

Kufika wa arobaini na tatu, nimesharudi kwenye jiwe.
Nikageuza shingo.
Wa hamsini, jiwe.
Nikageuza shingo.
Padre Geevarghese husema sala ni kupaa.
Labda kwake.
Kwangu mimi sala ni shingo, nayo inauma.

Leo, karibu na mti wa mia na tisini, nilimsikia anakohoa.
Kikohozi kirefu, cha mtu aliyekaa chini.
Taa yake imeinama,
inamulika majani makavu, mahali pamoja, haisogei.
Nikaielekeza yangu kule
na kwa mara ya kwanza nikaona uso mahali pa jiwe:
masharubu yale yale ya Kuriakose, yameota mvi.
Akajikinga macho. "Aleyamma, unanipofusha."
Nikainamisha taa kidogo.
Sikumwambia nimekusamehe.
Ingekuwa uongo, na ilikuwa mapema mno kwa uongo.
Nilimpa chupa yangu ya maji. Alikunywa, akakohoa tena,
kisha akaiweka juu ya jiwe ili niichukue,
maana ndilo lililokuwa katikati yetu, na lilikuwa bapa.

Ikabaki miti ishirini na saba.
Kulipokucha nikazima taa.
Mwanga ukawa kila mahali, kwenye gome, kwenye mpaka, kwenye paa lake la bati,
na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu.